Mkono Uliokuwa Ukishuka

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa nyundo wala patasi. Nilipewa kiti, karatasi na penseli, nikaambiwa nikae mbele ya bamba la plasta lenye picha za kuchongwa niandike ninachokiona. Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru, nami nilikuwa nimetoka sekondari. Baba yangu, mzee wa kanisa la Kilutheri, alinisindikiza hadi getini akinung'unika kwamba ameuza viazi miaka yote ile anisomeshe, kumbe ili nikaoshe miungu ya watu. Mlinzi wa geti alicheka. "Mghoshi," akamwambia baba, kwa heshima ya wazee wa kwetu, "hii ya humu haili viazi. Mtoto atarudi na mshahara mzima."

Nyumba ile ilikuwa juu kidogo ya mji wa Lushoto, katikati ya misonobari, na watu waliiita Nyumba ya Sanamu. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wameinunua kwa mlowezi aliyeondoka, wakamweka humo mzee msomi aliyewahi kufanya kazi ya makumbusho huko kwao. Cheo chake kilikuwa Mhifadhi, na sisi hatukumwita kwa jina jingine. Alikuja na makasha ya nakala za plasta za sanamu za kale za Wabudha na Wahindu, ili wanafunzi wetu nao wajifunze. Alihitaji fundi wa nakala, yaani mtu wa kutengeneza kalibu za kunakili umbo, kumimina plasta na kuziba palipomeguka.

"Umeona nini?" aliniuliza baada ya saa nzima.

"Kiti kitupu, Bwana Mhifadhi. Chini yake nyayo mbili. Watu wamepiga magoti pande zote."

"Wanampigia nani magoti?"

"Hakuna mtu, Bwana."

"Rudi ukae."

Nikarudi. Ukungu ulikuwa umeshaingia kupitia dirishani, na chumba kilikuwa na rangi moja na plasta. Nilitazama nyuso za wale watu wadogo, mmoja baada ya mwingine, na ndipo nilipogundua kwamba hakuna aliyekuwa akitazama kiti. Wote walitazama juu yake kidogo, pale ambapo uso wa mtu aliyeketi ungekuwa. Nywele zilinisimama.

"Yupo mtu," nikamwambia Mhifadhi, "ila hawakumchonga."

"Sasa umeajiriwa," akasema.

Nitawaeleza ninyi vijana mnaonisikiliza yale niliyofundishwa, kwa sababu bila hayo hamtaelewa kosa langu. Katika mawe ya kale yaliyosalia, mafundi wa India walimwonyesha Budha bila mwili wake. Waliweka kiti, nyayo, mti aliokaa chini yake, gurudumu. Wengine husema ilikuwa heshima, wengine husema walikuwa wakionyesha tu mahali pa hija. Mhifadhi alisema yeye hajui, na kwamba afadhali tubaki hivyo hivyo. Baadaye mwili ukatokea, karibu wakati mmoja katika sehemu mbili. Kaskazini magharibi, kwenye jiwe la kijivu, walichonga nguo yenye mikunjo mingi kwa mtindo uliotoka kwa Wayunani. Kwenye tambarare, kwenye jiwe jekundu, walichukua mwili mnene wa mizimu ya miti na maji ambayo wanavijiji walikuwa wakiitambikia tangu zamani, wakampa Budha. Karakana zile zile zilichonga pia miungu ya Wahindu. Patasi ilikuwa moja, wateja ndio waliotofautiana. Miungu ikaongezewa mikono ili kazi zake zote zionekane kwa mara moja, lakini mkono mmoja ulibaki ule ule kwa dini zote mbili: wa kulia, wa mbele, ulioinuliwa, kiganja kikielekea kwa mtazamaji. Maana yake ni "usiogope".

"Tazama nyuma ya kiganja," Mhifadhi alinionyesha kwenye nakala za mwanzo. Kulikuwa na kijiti cha jiwe kati ya mkono na bega. "Hili ni daraja. Fundi wa zamani hakuliamini jiwe. Wajukuu wake walipata ujuzi, wakaliondoa daraja, mkono ukabaki hewani peke yake. Unapendeza zaidi, na unavunjika upesi zaidi."

Kazi yangu niliipenda. Kalibu nzuri hutengenezwa kwa vipande, kwa sababu sanamu ina sehemu zilizojificha, kama kwapani na chini ya kidevu, na plasta ikishaganda hapo haitoki ila kwa kipande kidogo kinachovutwa kwa upande wake. Kwanza unapaka sabuni iliyochemshwa na mafuta ili plasta isishike. Ndani yake unatandaza nyuzi za katani, ambazo tulizifuata kwenye mashamba ya mkonge ya Mazinde, ili isipasuke. Sheria ya Mhifadhi kuhusu viraka ilikuwa moja. "Palipovunjika paonekane," alikuwa akisema. "Ukificha ufa, unamdanganya atakayekuja baada yako."

Mwaka wa nne wa kazi yangu, Mhifadhi alimshawishi Mama Kanta atuazime sanamu yake. Mama Kanta alikuwa mjane mwenye duka la vitambaa na mafuta ya taa pale mjini. Nyuma ya duka alikuwa na chumba cha ibada, na ndani yake Vishnu wa jiwe jekundu, wa mikono minne, urefu wa mkono wa mtu mzima, aliyerithiwa kwa ukoo wa mumewe. Kila alfajiri alimwogesha kwa maji na maziwa, akamvisha, akaongea naye. Alitupa siku mbili tu. Mhifadhi aliniagiza nitengeneze vipande vitano kuzunguka ule mkono ulioinuliwa, kisha akateremka Tanga kupokea plasta.

Nilitengeneza viwili. Nilijiona nimeshaiva, na nilitaka akirudi akute nakala imekauka.

Plasta inapoganda hupata joto. Nilikuwa nimelijua hilo tangu mwaka wa kwanza, lakini siku ile nilipoweka kiganja juu ya kalibu niliusikia mwili wa mtu mwenye homa. Nilingoja ipoe, nikavuta. Haikutoka. Nikavuta tena, nikasikia mlio mdogo, kama mtu anapovunja vidole vyake. Kipande kilipotoka, kilikuwa na mkono ndani yake, umekatika kwenye kiwiko.

Nilichemsha utomvu wa msonobari na nta, nikachanganya na vumbi jekundu nililolikwangua chini ya kitako cha sanamu, nikaunga. Kazi ile, Mungu anisamehe, ilikuwa safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Mhifadhi aliporudi aliisifu nakala. Sanamu yenyewe nilikuwa nimeshairudisha.

Siku niliyoirudisha, Mama Kanta alinipokea mlangoni, kichwa kimefunikwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Amerudi mzima?"

"Mzima, Mama."

Wiki chache baadaye Mhifadhi alikuwa akiwaeleza walimu kwa nini sanamu nyingi za kale hupatikana visimani na mitoni. Mungu aliyevunjika kiungo haabudiwi tena, alisema. Huagwa, akapelekwa kwenye maji yanayotembea. Nilikuwa nimeshika ndoo ya plasta nyuma yao, na nilisimama nayo hadi ikaganda. Nilikuwa nimevunja sheria ya makumbusho na sheria ya hekalu kwa kiraka kimoja.

Nilijiambia nitasema Jumatatu. Kisha mwezi ujao. Kama Mhifadhi angeniachisha kazi, nani mwingine katika milima hii angeajiri fundi wa plasta?

Niliendelea kununua mafuta ya taa pale dukani, na Mama Kanta akanizoea, akawa ananipa chai. Msimu wa ukungu ulipoanza aliniambia kuna sisimizi. Aliniita nikaone. Walikuwa wamejipanga mstari kutoka sakafuni, wakapanda kwenye nguo ya mungu, wakafika kwenye kiwiko, wakaingia. Nilisimama pale muda mrefu. Sikumwona hata mmoja aliyetoka.

"Ni maziwa, Mama," nikasema. "Wanafuata sukari."

"Na mkono? Unashuka."

"Unashuka?"

Akatoa uzi wa cherehani. Tangu aone mkono umeinama kidogo, kila mwezi alipima kutoka ncha ya kidole hadi kwenye kitako, akafunga fundo. Mafundo saba yalikuwa yamefuatana, na kila moja lilikuwa chini kidogo ya lililotangulia. Utomvu wangu ulikuwa ukilegea kwa joto la taa za ibada. Nilijua hivyo, na bado mgongo ulinisisimka, kwa maana mkono wa "usiogope" ulikuwa ukiteremka kimya kimya mbele ya mwanamke aliyekuwa akiutazama kila siku.

"Wewe ni fundi wa mawe," alisema. "Jiwe hulegea?"

"Kwa baridi ya huku, Mama, jiwe hutembea kidogo."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na ndio uliomuumiza mtu. Mama Kanta alifikiri, akaona kwamba kama jiwe halina kosa, basi kosa liko nyumbani. Alifunga kula, kwanza siku moja kwa wiki, kisha tatu. Alipokonda bila mkono kuacha kushuka, akamgeukia mkamwana wake, Sarla, binti wa Muheza, ambaye kila Jumanne ndiye aliyemwogesha mungu badala yake. Alimwambia ameingia chumba cha ibada akiwa si safi. Nilikuwa dukani nikasikia.

"Siku gani, Mama?" Sarla aliuliza.

"Wewe ndiye unayeijua."

"Basi sawa, Mama," akasema, na hakujitetea tena.

Akarudishwa kwao. Siku hiyo nilikuwa stendi. Basi lilikuwa likipakiwa kabichi na mapeasi, utingo akipiga kelele, na Sarla amesimama na sanduku la bati. "Fundi, habari za kazi?" alinisalimu. Mdomo wangu ulikuwa umejaa maneno. Nikachukua sanduku lake, nikampandishia juu ya basi, nikaagana naye.

Miaka mitatu ikapita. Azimio lilikuwa limeshatangazwa, na sasa majengo ya kupangisha yakataifishwa, na nyumba ya duka la Mama Kanta ikawa mojawapo. Nyumba ya Sanamu ikapangiwa kazi nyingine, Mhifadhi akaenda kwa watoto wake, nami nikapewa barua ya kuhamia ofisi ya utamaduni ya wilaya, ambako mkuu wangu mpya alitaka ngoma na hakutaka kusikia habari za plasta. Ndipo nilipokwenda kwa Mama Kanta nikamweleza yote. Zingatieni siku niliyoichagua. Nilisema kweli siku ambayo haikunigharimu tena chochote.

Alikuwa akifungasha vyombo. Alikaa juu ya sanduku.

"Kwa hiyo miaka yote hii," alisema polepole, "nimekuwa nikimwogesha maiti."

Akauliza, "Na Sarla?"

"Hakukosa kitu, Mama."

Kesho yake nilimbeba mungu wake hadi mtoni Soni, nimemfunga mgongoni kwa kitambaa kama mtoto. Njia nzima niliusikia uzito ukihama, upande huu, upande ule, ingawa nilikuwa nimekaza mafundo. Mama Kanta aliingia majini na viatu vyake. Alimwambia maneno kwa lugha yake, kisha tukamwachia. Akaniambia niende Muheza. "Mimi sina uso wa kumtazama," alisema. Mwanawe, mume wa Sarla, alikuwa ameshakwenda ng'ambo bila mkewe, na barua zilikuwa zimekoma.

Sarla nilimkuta kwenye duka la baba yake, akipima iliki. Nilivua kofia, nikaeleza nikiwa nimesimama. Alinisikiliza bila kuacha mizani.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba amevunjika. Jumanne ya kwanza, nilipokuwa namwogesha, kidole changu kilinata kwenye kiwiko. Nikanusa, ni utomvu."

"Na hukusema? Walikufukuza!"

"Ningesema, Mama angempeleka mtoni siku ile ile. Baba mkwe alikuwa hajamaliza mwaka tangu afe. Siku zile Mama alikuwa haongei na mtu isipokuwa Yeye. Nikaona akinichukia mimi, ataendelea kuamka asubuhi." Akafunga karatasi ya iliki, akaikunja pembe. "Mimi nilinyamaza kwa ajili ya Mama. Na wewe, fundi, ulinyamaza kwa ajili ya nani?"

Mteja akaingia akitaka karafuu. Sarla akageuka kumhudumia. Kisha mwingine akaja. Nilisubiri pembeni hadi duka likabaki tupu tena, lakini hakurudia swali lake, nami nikavaa kofia nikatoka.

Baada ya hapo nilifanya kazi Korogwe, kisha Tanga, chini ya wakuu wanne, na nilistaafu nikiwa msaidizi mkuu wa ofisi, kwa cheti na blanketi. Mafundi vijana hunijia wakiwa na vinyago vyao vilivyopasuka, na huwafundisha kuunga kwa rangi nyingine, ili ufa uonekane hata kwa mtu anayepita. Huniona mkali. Huwaambia kosa la mkono linaweza kusamehewa, maana jiwe huvunjika hata kwa fundi bora, na mimi sijutii sana ule mlio kwenye kalibu.

Sarla alifariki Muheza akiwa hajaolewa tena. Jibu la swali lake nilikuwa nalo siku ile ile, mbele ya mizani. Kwa ajili yangu mwenyewe. Lingenichukua muda mfupi kuliko kupima karafuu.