Mvua Iliyowahi Usoke

Nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, nikisomea sayansi ya angahewa, nilirudi Tabora kufanya mazoezi kwenye kituo cha hali ya hewa. Kila asubuhi nilirusha puto na mzee wa kituo, mzaliwa wa mjini aliyepima mvua tangu enzi za mkoloni. Tulilifuatilia kwa darubini tujue upepo wa juu unaelekea wapi.

Novemba ile mvua ilinyesha siku mbili, watu wakafurahi. Lakini puto liliendelea kukimbilia magharibi, kama lilivyofanya kiangazi chote. Mzee akasema upepo wa mvua, ule utokao magharibi, haujafika bado.

Nilipanda treni kwenda Usoke, ambako mjomba wangu, mkulima wa tumbaku, alikuwa amehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa. Nilikuta mkutano. Bwana shamba alikuwa anaagiza mahindi yote yapandwe kesho yake. Aliponiona, akatangaza kwamba msomi wa mvua amefika, niseme neno.

Nilisimama. Katibu wa chama alikuwa ameketi mbele, na serikali ndiyo iliyonisomesha. Nikasema mvua imeanza vizuri. Wakapiga makofi.

Tulipofika nyumbani nilimweleza mjomba habari za upepo.

"Una hakika?" aliniuliza.

"Sina, mjomba. Lakini ningekuwa wewe nisingepanda zote."

"Mbona wale hukuwaambia?"

Nilichukua ndoo nikaenda kuchota maji.  Mjomba alitenga nusu ya mbegu zake, akazificha uvunguni.

Jua lilirudi na halikuondoka. Nilipokwenda tena kabla ya Krismasi, miche ilikuwa imejikunja, ukiishika inavunjika mkononi. Mjomba alikuwa anawagawia majirani mbegu kwa kikombe, na debe lilikuwa linaishia. Mama mmoja, mtoto mgongoni, alimuuliza alijuaje kubakiza. Mjomba akasema ni uvivu tu, alichelewa kupanda. Yule mama akanigeukia, akanishukuru kwa maneno yangu ya mkutanoni. Yalimtia moyo, akapanda mbegu zote.

Nilisema asante, mama.

Mvua ya kweli ilikuja Januari, ikakuta mashamba mengi hayana kitu. Nilipoaga kurudi chuoni, kwenye duka la kijiji watu walikuwa wameshapanga foleni ya unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada. Mjomba alinisindikiza hadi stesheni. Treni ilipofika alinipa mkono, akarudi kupanga foleni.