Albamu Isiyompa Mzee Nafasi

Juzi kinyozi wangu hapa Migori aliweka albamu ya metali, ile roki nzito, isiyo na mwimbaji, magitaa yakipiga hesabu badala ya wimbo. Mteja mmoja akauliza kama mwimbaji amekosa gari.

Mzee mmoja wa Sori, nusu ya kichwa imenyolewa, alingoja muziki utulie ajisifu, kama huku kwetu tunavyokatiza ngoma ya ohangla ili tujitaje kwa majigambo. Ulipotulia akasimama, shuka shingoni: "Mimi, mkwe wa Ndhiwa..." Ngoma zikamfunika. Alijaribu mara tatu, akaketi.

"Hawa wanajua kupiga," akasema. "Lakini hawajui kama tuko."

Albamu niliileta mimi, na mtandaoni nilikuwa nimeisifu kwa aya sita. Nikatikisa kichwa, nikamuuliza kinyozi nani amemletea kitu kama hicho.

Akanitazama kwenye kioo, mashine mkononi. "Wewe ndio unafuata," akasema.