Sista Hakikisha, Aliyefunga Mlango Mara Moja

Alizaliwa alfajiri ya tarehe saba Mei, mwaka 1934, katika chumba cha nyuma cha karakana ya viatu, mtoto wa tatu na binti wa kwanza wa fundi viatu na mkewe, mfuaji wa mashuka ya hospitali. Mkunga alisimulia kwamba mtoto alitoka amekunja ngumi zote mbili, akakataa kuzikunjua hata alipooshwa. Wako wanaopenda kuliona jambo hilo kuwa ishara. Mwandishi wa maisha haya amebatiza watoto wengi wenye ngumi, na baadhi yao leo ni makarani tu, kwa hiyo hatalikuza. Jina lake la ubatizo limo katika kitabu cha parokia. Waumini hawakumjua kwa jina hilo. Walimjua kwa jina la utani alilobandikwa kwa kejeli, naye akalibeba mpaka kaburini: Sista Hakikisha.

Tangu utoto hakutulia. Jumapili familia nzima ilisimama njiani ikimsubiri arudi nyumbani kutazama kama jiko limezimwa, na akisharudi, anarudi tena. Kaka zake walimwita kiguu na njia. Baba yake, aliyeshinda kutwa na misumari midomoni, aliitema siku moja akasema, "Mwacheni. Angalau nyumba yetu haitaungua." Mama yake aliona mbali zaidi. Aliiona mikono ya binti yake iliyochanika kwa kunawa, akaipaka mafuta akimwambia, "Mwanangu, mkono si sufuria, hausuguliwi hivyo." Mtoto akalia, kwa kuwa alijua kabisa kwamba mikono ni safi. Hapo ndipo penye mateso yenyewe, nanyi mnaodhani wagonjwa wa namna hii hawana akili, sikilizeni: macho yalimwambia jiko limezimwa, na moyo ukamuuliza, je, kama? Maneno hayo mawili yalimwinua kitandani, yakamrudisha njiani, yakamharibia kila tonge. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wito wake ulimjia akiwa na miaka tisa. Alimsindikiza mama yake kupeleka mashuka hospitalini, na walipopita karibu na wodi ya pili, wodi ya wanawake wagonjwa wa akili, sauti ilimwita kutoka kwenye dirisha la nondo. Ilikuwa ya mama mmoja aliyefungwa kamba kitandani. "Toto, hebu nitazamie, mlango umefungwa?" Mtoto akautazama, akajibu kwamba umefungwa. Yule mama akauliza tena. Wauguzi walikuwa wamekwisha kumchoka tangu asubuhi. Mtoto aliutazama mlango mara saba na kujibu mara saba, kwa adabu ileile, mpaka mama yake akaja kumvuta mkono. Njiani alisema, "Mama, yule ni kama mimi." Mama yake alihamishia bunda la mashuka bega la pili, wakaendelea na safari.

Alipotimiza miaka ishirini aliingia katika shirika dogo la watawa waliokuwa wakihudumia wodi hiyo. Alikuwa na shabaha moja tu, na aliitaja bila kuzunguka siku alipopokelewa: "Nataka kukaa na wale." Lakini unovisi, yaani kipindi cha majaribio ya utawa, ulimpandisha roho juu kuliko zamani, maana sasa hata dhambi zilikuwa majiko ya kurudiwa. Aliungama asubuhi, akarudi mchana kuungama kwamba huenda hakuungama vizuri, akarudi jioni kuungama kwamba amemchosha padre. Padre muungamishi, mzee mwenye kikohozi na subira, alimwambia hatimaye, "Binti yangu, hata Mungu ameshasikia." Alishukuru, akatoka, na hakufika hatua kumi kabla ya kujiuliza kama Mungu amesikia sawasawa. Wenzake ndio waliomwita Hakikisha, kwa sababu kila kazi aliyopewa ilibidi ihakikishwe, na kuhakikisha kwenyewe kuhakikishwe.

Hapo ndipo waumini walipofanya kosa ambalo wengine hawajaliacha hadi leo. Walimwona akitoka kikanisani, akirudi kupiga goti, akitoka, akirudi tena, mara kumi na zaidi, wakanong'onezana kwamba huyu si mtu wa kawaida, huyu ni mtakatifu. Akina mama fulani wakaanza kumwiga. Siku moja alikuta wanne wamepanga mstari mlangoni, wanapiga magoti na kuinuka kama wanaokanyaga cherehani. Akapandwa na hasira. "Acheni, jamani! Hii si sala. Ingekuwa sala ningeipenda." Wao wakasema ni unyenyekevu.

Daktari wa akili alikuwa akija wodini mara moja kwa mwezi, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwona amesimama mlangoni na ufunguo, akamuuliza, "Sista, umefunga mara ngapi?"

"Mara kumi na nne, daktari."

"Kwa nini kumi na nne?"

"Ile ya kumi na tatu sikuiamini."

Daktari hakucheka. Alivuta kiti, akamuuliza habari za utotoni, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba hali hiyo ina jina katika vitabu vya tiba, kwamba si dhambi wala si pepo wala si utakatifu, ni ugonjwa, na wako wengi. Tungetaka kuandika kwamba alimshukuru Mungu. Ukweli ni kwamba alikasirika hata sauti ikasikika uani. "Miaka yote hii nimekuwa nikiungama ugonjwa? Na hakuna aliyeniambia?" Akaubwaga ufunguo mezani. Kisha, kama mtakavyokisia, akaenda kuungama ile hasira.

Mama Mkuu wa siku zile alikuwa mwanamke wa haki, lakini wa haraka. Alipopata habari alimwita ofisini wakati nadhiri za daima zimebakiza miezi sita. "Nakupenda kama mwanangu," alisema, "lakini mtu asiyeweza kufunga mlango hawezi kuachiwa wagonjwa. Siku ya nadhiri utafunga wodi mwenyewe. Funga mara moja, uende kikanisani. Ukirudi kuutazama hata mara moja, nitajua kwamba nafasi yako ni kwa wazazi wako." Sista Hakikisha alipiga goti, akatoka. Hakuogopa kurudi karakanani. Baba yake angempokea kwa mikono miwili. Aliogopa kuondolewa kwa wale wanawake, kwa kuwa hakutaka kitu kingine chini ya jua.

Akaanza kujifunza kama daktari alivyomwelekeza: afunge, aondoke, auache wasiwasi umchemke ndani hadi upoe wenyewe. Lo! Kusema ni rahisi. Kukaa hakuweza, akawa anatembea kwenye korido ya wodi, jasho likimtoka, vidole vikitafuta ufunguo mfukoni. Siku ya tatu mgonjwa mmoja aliungana naye. Alikuwa mwalimu wa hesabu zamani, kabla sauti hazijamwingia kichwani, na wote wodini walimwita Mwalimu. Walitembea bega kwa bega kwa muda.

"Unasikia nini?" Mwalimu akauliza.

"Nasikia mlango. Unasema haujafungwa."

"Mmoja tu? Mimi nasikia kumi na wawili, na hawasikilizani. Wewe una nafuu, mwenzangu."

Sista alicheka, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Tangu siku hiyo walitembea pamoja kila alasiri, na wengine wakajiunga, akiwemo mmoja aliyekuwa akifungwa kamba kwa sababu hatulii. Ikaonekana kwamba akitembezwa, kamba haina kazi. Walisali rozari huku wakitembea, fumbo moja kwenda na fumbo moja kurudi. Mlezi wa wanovisi alilalamika kwamba sala haina utulivu. Sista akamjibu, "Sista mpendwa, tukingoja tutulie, sisi hatutasali kamwe."

Siku ya nadhiri ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na tano Agosti, mwaka 1964. Askofu alifika mapema. Wazazi walikaa benchi la mbele, baba akiwa na viatu alivyojishonea kwa ajili ya siku hiyo, vikimbana. Sista Hakikisha alisimama mbele ya mlango wa wodi ya pili, akaingiza ufunguo, akayakumbuka maneno ya Mama Mkuu: funga mara moja. Sasa, kitasa kile kilikuwa cha zamani. Ufunguo wake ulizungushwa mara mbili ndipo ulimi uingie ukutani, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye aliyekwisha kuuzungusha mara elfu. Lakini ameambiwa mara moja, na aliogopa mno kuzidisha. Akauzungusha mara moja. Akauchomoa. Akaondoka bila kugeuka nyuma, na walioshuhudia wanasema alitembea kama mtu anayebeba maji kichwani bila kuyashika.

Kikanisani, wakati wa litania, wasiwasi ulimvamia. Haujafungwa. Haujafungwa, wametoka, wameanguka kisimani, na wewe umelala hapa kifudifudi unajitafutia sifa. Mara zote alijua kwamba anajiuliza bure. Safari hii hakujua. Angeinuka, angempoteza Mwalimu na wenzake. Angebaki, huenda angewapoteza pia. Alibaki. Hakuomba chochote, alisema baadaye. Alihesabu pumzi tu.

Litania ilipokwisha naye akapiga magoti, mlango wa kikanisa ukafunguka, wakaingia wanawake kumi na mmoja wenye magauni ya hospitali, miguu mitupu, wawili wawili kama walivyozoea kutembea. Mwalimu alitangulia. Alisimama katikati, akawahesabu kwa kidole, akatangaza kwa sauti ya darasani, "Kumi na moja. Tumetimia." Wakakaa mabenchi ya nyuma. Watu wakaduwaa. Baba askofu alitazama nyuma, akamtazama tena yule aliyepiga magoti mbele yake, akamuuliza kama anataka kuendelea.

"Nataka, baba askofu. Lakini mlango haukufungwa, na ni mimi."

Kabla askofu hajajibu, Mama Mkuu alisimama, uso umemwiva. Alijua kitasa kile. "Ni mimi," akasema. "Nilimwambia mara moja. Nilitaka afunge haraka aende, yeye akazungusha ufunguo mara moja tu. Kosa ni la ulimi wangu." Tunaambiwa kwamba baba fundi viatu ndiye aliyeanza kucheka, na kwamba askofu alishindwa kujizuia. Nadhiri zikafungwa. Wagonjwa waliimba kwa sauti zao zote, na si wote waliimba wimbo mmoja.

Kuanzia wiki iliyofuata mlango wa wodi ya pili haukufungwa tena mchana, na Sista Hakikisha alikaa humo miaka arobaini na mmoja. Watu wakaanza kusema malaika ndiye aliyefungua. Aliwakatiza kila mara. "Malaika hana haja na kitasa changu. Nilikosea kama watu wanavyokosea, na hakuna aliyekufa. Mungu alinipa hilo, msininyang'anye." Ugonjwa wake haukuisha. Vilipopatikana vidonge alivimeza kila asubuhi mbele ya wagonjwa, akitoa ulimi nje kama wao, ili asiwepo wa kuona haya. Kulikuwa na miezi ya nafuu na miezi ambayo mikono ilichanika tena. Aliyekuja kumwuliza siri ya amani ya moyo alijibiwa, "Hiyo muulize mwingine. Mimi naweza kukuonyesha korido."

Uzeeni moyo ulidhoofika, wasiwasi ukarudi kwa nguvu, na akina sista wakataka kumhamishia nyumba ya wazee wa shirika, yenye bustani na ukimya. Alikataa. Aliomba apewe kitanda wodini, kama mgonjwa. Karani wa mapokezi, binti mdogo aliyekuwa amemjua tangu utoto, alishika kalamu asijue la kufanya. "Bibi, hapa niandike sista au mgonjwa?"

"Andika yote mawili, mwanangu. Karatasi ina nafasi."

Alifariki tarehe tatu Novemba, mwaka 2005, saa nne asubuhi. Kamati iliyokusanya habari hizi iliomba iandikwe kwamba alifariki kwa utulivu. Mwandishi amekataa, kwa sababu waliokuwepo wamesema vingine. Alikuwa hana raha tangu alfajiri, akiuliza kama amesamehewa, akijibiwa, akiuliza tena. Aliyekuwa akimjibu ni mgonjwa wa kitanda cha jirani, mwanamke ambaye kwa miaka miwili hakuwa amesema na mtu. Alimshika mkono akamwambia, "Umesamehewa, bibi," na alipoulizwa tena akasema tena, bila kuchoka wala kupandisha sauti. Wauguzi wanasema ilikuwa zaidi ya mara thelathini. Swali la mwisho lilikatikia njiani. Yule mwanamke akalijibu.

Watu huchota udongo wa kaburi lake wakiamini unatuliza akili. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja na kitambaa cha kufungia udongo huo; binti yake alikuwa nje, akirudi na kurudi kwenye geti. Sista wa zamu alimwambia kwa upole, "Mama, udongo uache. Daktari yupo leo, mwite binti, nawapeleka." Ndugu waumini, kama mnataka kumfuata mtumishi huyu wa Mungu, msipige magoti mara kumi. Yuko mtu nyumbani mwenu anayeuliza jambo moja siku nzima, nanyi mmechoka naye. Mpelekeni kwa daktari, na mkirudi, mtembee naye. Ewe usiyetulia, utuombee.