Chumba cha Kusahau Ndani ya Komputa

Mjukuu wangu ana fremu ya duka la kudarizi hapa Rujewa, jirani na mashine za kukoboa mpunga. Pumba zikianza kupeperuka anafunika komputa kwa kanga kama mtu anayefunika mtoto. Mimi nashinda humo kila siku. Hajaniajiri. Nashinda kwa sababu ni mjukuu wangu, na kwa sababu kiti cha pale kina mto. Shule niliishia darasa la pili, lakini nasema wazi: mtu wa hapa anayeijua komputa kumzidi yule binti mimi sijamwona, na nimeangalia.

Mashine ya kudarizi aliinunua Iringa, mkono wa pili. Ilikuja na flashi yenye programu ya kuchorea maua, pamoja na leseni yake, mlolongo wa herufi na namba ulioandikwa kwenye boksi. Kabla ya hapo flashi ya mteja mmoja ilishaingiza virusi vikala picha zote za harusi ya watu. Bwana harusi alikuja kulia pale pale dukani, mwanaume mzima. Tangu hapo mjukuu wangu flashi ya mtu anaishika kama anashika nyoka.

Fundi mmoja wa Mbeya akamwambia dawa ipo humo humo ndani ya komputa. Inaitwa sandiboksi. Mjukuu wangu akanieleza hivi: ni komputa ndogo inayofunguka ndani ya komputa kubwa. Kitu usichokiamini unakifungulia humo. Kikiwa na virusi, vitakula vya humo tu, na ukifunga, kila kitu kinafutika. Ukifungua tena, ni mpya kabisa, haikumbuki lolote wala yeyote.

"Kwa hiyo ni chumba cha wageni," nikasema.

"Ndiyo, Bibi. Ila mgeni akitoka, nyumba inasahau kama aliwahi kuja."

Komputa yake ya kwanza ilikuwa ya aina inayoitwa ya nyumbani, na hiyo ya nyumbani chumba hicho haina. Anayetaka chumba alipie ile ya maofisini. Akalipia. Kilipofunguka nikaona pembeni chini maandishi yaliyofifia, kama ya mtu anayenong'ona. Nikauliza yanasema nini.

"Yanasema komputa hii haijaamilishwa, haina leseni."

"Si umetoka kulipia leseni juzi?"

"Nje inayo, Bibi. Ndani haijui."

Marehemu mume wangu alikuwa hivyo hivyo: nje mkarimu, ndani hana habari. Sikushangaa sana.

Ile programu ya maua, kwa kuwa ilitoka kwenye flashi ya mtu, ndiyo aliyoiweka humo chumbani. Kila akikifungua, chumba kimeshasahau, kwa hiyo anaiweka upya na kuandika leseni upya. Akafanya hivyo muda mrefu bila neno. Siku moja yakatokea maandishi, akanisomea. Kumbe wenye programu huko kwao kila chumba kikifunguliwa walihesabu ni komputa mpya. Leseni ilikuwa ya komputa chache, na sasa waliona imebaki moja tu.

Hapo ndipo inabidi nieleze habari ya mkwe, maana bila hiyo haya yote yangekuwa mambo ya mafundi.

Mjukuu wangu ameolewa na Mnyakyusa. Sisi ni Wasangu. Kwa wenzetu wa milimani, wale wanaoshika mila, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Siyo ugomvi, ni heshima. Baba mkwe akija njia hii, binti anaingia migombani mpaka apite. Siku hizi wengi wameacha. Mzee huyu, baba mkwe wa mjukuu wangu, hajaacha, na mjukuu wangu ameishika mila ile kuliko mabinti wa kule kule. Alitaka akubaliwe. Kule walikuwa wakisema, "Huyo Msangu wa kwenye mpunga atashika jembe la mlimani?" Mama mkwe alimpenda tangu siku ya kwanza. Mzee hakusema kitu, si kibaya wala kizuri, miaka yote ya ndoa.

Mama mkwe akafariki. Ilipokaribia siku ya kuweka msalaba kaburini, mzee akaleta ujumbe kwa mdomo wa mwanawe. Kwaya ya marehemu itaimba, na yeye anaomba kola za majoho yao zidariziwe ua la maharage, lile lile ambalo marehemu alilitia kwa mkono kwenye kitambaa chake cha meza. Lilikuwa jambo la kwanza mzee yule kumwomba mke wa mwanawe. Binti alipokea ujumbe huo akaenda kusimama nyuma ya fremu peke yake, kisha akarudi akaanza kazi.

Alijipiga picha ameshika kile kitambaa, alicholetewa pamoja na ujumbe, mbele ya kifua, akaiingiza chumbani, akatumia ile leseni ya mwisho, akaanza kulifuatisha ua jani kwa jani. Hakukifunga tena. Komputa ilikesha inawaka, betri yake inasaidia umeme ukikatika. Akaniambia, "Bibi, mtu asiguse mashine hii mpaka nimalize." Nikamwambia atakayegusa atanikuta.

Aliyegusa akanikuta.

Siku hiyo mume wa binti alikuwa amepeleka mchele Ruaha Mbuyuni, arudi na vitunguu. Mzee alikuja bila taarifa. Nikasikia nje sauti ikisema hodi, na kabla sijaitikia, mjukuu wangu alishatoka kwa mlango wa nyuma. Kiatu kimoja alikiacha.

Nikamkaribisha mkwe wangu, tukasalimiana sana, kwa Kisangu na kwa Kinyakyusa, hakuna aliyekubali kushindwa. Akakaa. Akainua macho, akakutana uso kwa uso na mke wa mwanawe, kwenye kioo cha komputa, ameshika kitambaa cha marehemu, anatabasamu.

Mzee akageukia ukutani kama amechapwa.

"Mama," akasema, "huyo ndiye?"

"Ndiye. Lakini ni picha."

"Picha ina macho."

Nikashika kanga nifunike, akasema hapana, joto litaua mashine, yeye amefanya kazi ya ukarani kwenye kiwanda cha chai na anazijua komputa.

"Isifungwe," nikamwambia. "Amesisitiza."

"Sifungi. Naishusha tu chini. Kuna vialama vitatu juu pale pembeni. Niongoze mkono."

Basi mzee akashika mausi, macho kaukazia ukuta, mimi namwongoza. Panda. Kulia. Umepita. Rudi. Mausi ilikuwa inateleza juu ya pumba. Akabonyeza, kumbe cha mwisho, cha kufunga.

"Imeshuka?"

"Haijashuka. Yamekuja maandishi."

"Yanasemaje?"

"Ya Kizungu, mkwe."

Kizungu anakijua vizuri sana. Angegeuka angesoma. Lakini binti alikuwa bado anatabasamu nyuma ya maandishi.

"Bonyeza Enta," akaniambia. "Kazini Enta ilikuwa jibu la kila kitu."

Nikabonyeza. Binti akatoweka, kitambaa kikatoweka, na ua likaenda nalo. Mzee akageuka, akaona kioo safi, akashusha pumzi. "Afadhali," akasema.

Mjukuu wangu alirudi baada ya mzee kuhamia benchi la nje, kaupa mlango mgongo. Alitazama kioo. Sikuhitaji kuambiwa. Akafungua chumba, akaweka programu, akaandika leseni. Ikakataa. Akaandika tena taratibu, kama anayezungumza na mtoto mkaidi. Ikakataa.

"Picha ninayo kwenye simu," akasema, sauti ndogo. "Ua naweza kulifuatisha tena. Lakini programu haifunguki, Bibi. Sina cha kumpa."

Nikatoka nje nikamweleza mzee. Yule mzee alizeeka mbele yangu.

"Mwambie aandike barua kwa wenye programu. Mimi nitatunga."

"Anasema uandike barua," nikamwambia binti, hatua mbili kutoka hapo, na alikuwa amesikia.

"Mwulize aanzeje."

"Anauliza aanzeje."

"Mwambie: Mheshimiwa Bwana."

"Bwana nani? Huenda ni mwanamke," binti akasema.

"Anasema huenda ni mwanamke."

Mzee akafikiri. "Mwambie aandike Waheshimiwa."

Hivyo ndivyo barua ilivyokwenda, kila neno likipita kwangu, mimi wa darasa la pili, Kizungu ndani na Kizungu nje. Jibu lilikuja kesho yake: waliuliza tuna komputa ngapi. Tukajibu moja. Wakasema kwao linaonekana kundi zima, na watachunguza. Mpaka leo wanachunguza.

Siku zilikuwa zimekwisha. Mjukuu wangu akakumbuka kwamba programu ile hukubali kutumika bila leseni, kwa majaribio, siku moja tu. Akaiweka chumbani, ikafunguka. Siku ikaisha, akafunga, akafungua tena: chumba kimesahau, programu nayo inaamini ndiyo mara ya kwanza kukutana. Ikampa siku nyingine. Kusahau kule kule kulikokula leseni ndiko kulikompa muda. Safari hii kila akimaliza jani alilitoa akalihifadhi nje ya chumba.

Ila cha majaribio hakikosi alama yake. Kila kola ilipotoka, chini ya ua palikuwa na neno la Kizungu, limedariziwa vizuri kabisa, linalosema hii ni ya majaribio.

"Siwezi kuwavika watu hivi kaburini," mjukuu wangu akasema.

Nikachukua wembe. Nikakaa mlangoni nikaanza kufumua neno lile, uzi mmoja mmoja, nisiguse ua. Mzee alikuwa amefikia kwa jamaa zake hapa hapa Rujewa, hakutaka kurudi milimani. Akaja, akaona ninachofanya, akakaa benchini, mgongo mlangoni kama kawaida, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Nami nipe."

Nikampa kola na wembe. Alifumua taratibu, ameileta karibu na macho. Ua la mke wake lilikuwa mikononi mwake. Alilipitishia kidole muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Ndani mashine ya kudarizi ilikuwa inapiga, na mjukuu wangu nyuma yake. Watu waliokuja kukoboa mpunga wakawa wanatupita wanauliza, "Bibi, umepata fundi mpya?" Nikasema ndiyo, ni mwanafunzi, bado mzito.

"Mkwe," mzee akasema baadaye, "jani hili la tatu limepinda."

"Limepinda," nikasema.

"Hata la marehemu lilipinda. Alikuwa akikata uzi kwa meno, likavutika. Hakuna aliyewahi kuliona ila mimi." Akaligeuzia jani kwenye mwanga. "Na huyu ameliona."

Nikageuka niufikishe ujumbe, kama nilivyozoea. Mashine ilikuwa imesimama. Binti alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango, karibu kiasi kwamba liligusana na bega la mzee.

Mzee akainua kola, akaiweka begani kwake, ua likiangalia ndani ya duka. Hakugeuka. Na mimi sikutumwa.

"Ndaga, mwanangu," akashukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo."

Kutoka nyuma ya pazia mkono ukatokea, wenye pete ya ndoa na uzi mwekundu umejizungusha kwenye kidole, ukaichukua kola ile begani mwake, ukaacha nyingine yenye neno la majaribio. Mzee akaishika, akatafuta uzi wa kuanzia, akaendelea kufumua.