Mishipa ya Jicho la Muoki

Muoki alikuwa fundi wa kutandaza kabro, yale matofali ya zege ya kusakafia njia, huko Mugutha, kijana anayekaribia miaka thelathini, na aliyaamini macho yake kuliko kamba ya kupimia.

Asubuhi moja nyuzi nyeusi zilianza kuelea mbele ya jicho lake la kulia. Akadhani ni vumbi la simiti, akanawa. Hazikutoka. Kufikia saa sita zilikuwa zimeshikana zikawa kama moshi mwekundu, na msimamizi alipomwita, Muoki aliona mtu asiye na uso.

Hakuumwa popote. Hilo ndilo lililomtia hofu zaidi.

Dada yake, Mwelu, akamshika mkono hadi kliniki ya macho mjini Thika. Daktari Wakonyo, mama wa sauti ya chini, alimtia matone ya kupanua mboni, kisha akachungulia kwa muda mrefu.

"Damu imemwagika ndani ya hili jicho, imeniziba nisione nyuma," alisema. "La kushoto bado ni safi. Acha hilo ndilo lituambie."

Muuguzi akamdunga rangi ya manjano kwenye mshipa wa mkono. Muoki akaweka kidevu juu ya mtambo wa picha, mwanga ukamwekamweka. Walipomaliza, daktari akamgeuzia skrini.

Muoki akasahau kuogopa. Katikati ya giza palikuwa na mishipa inayong'aa, yote ikichipuka mahali pamoja, kila tawi likizaa jingine jembamba zaidi, mpaka akashindwa kuifuata.

"Hii ni nini, daktari?"

"Ni wewe. Hiyo rangi imetoka mkononi, ikapita moyoni, ikafika hapo kwa sekunde chache tu."

Mwelu naye alisogea karibu.

Kisha Wakonyo akaonyesha pembeni, mahali ambapo matawi yalikatika ghafla. "Hapa mishipa imevimba ikaziba. Sehemu ikikosa damu, mishipa mipya huota, lakini ni dhaifu, hupasuka. Nadhani ndivyo ilivyokuwa upande wa kulia. Unaitwa ugonjwa wa Eales. Mimi mwenyewe nimeuona mara chache sana."

"Nilikosea wapi?"

"Hukukosea. Chanzo chake hakijajulikana vizuri. Wengi wanaoupata wamewahi kukutana na viini vya kifua kikuu, kwa hivyo tutakupima hilo pia."

Vipimo vikaonyesha kwamba viini hivyo viliwahi kumwingia mwilini. Akaanzishiwa dawa za kifua kikuu, pamoja na vidonge vya kutuliza uvimbe. Daktari akachoma zile sehemu zilizokosa damu katika jicho la kushoto kwa miale ya leza, ili mishipa dhaifu isiote. Muoki aliona kijani kikimeta, akahisi kama kufinywa ndani kabisa ya kichwa. Damu ya jicho la kulia ilififia polepole, wiki baada ya wiki, nalo pia likachomwa.

Aliona tena. Pembeni mwa jicho la kulia pamebaki kiza kidogo, na lazima arudi kliniki kila mara, lakini kabro anatandaza.

Alipokwenda Theta kumtembelea mama yake, Mbithe, alimwonyesha ile picha ya jicho, aliyokuwa ameihifadhi kwenye simu. Mama akaacha kuchambua maharagwe, akaitazama kwa muda.

"Na mimi niko na mishipa hii?"

"Kila mtu, mama."

Mbithe akafumba macho, akayagusa taratibu kwa ncha za vidole, kama anayegusa kitu cha thamani kisicho chake.