Nyota ya Kahawia Juu ya Altare

Fundi wa rangi wa kanisa kongwe la misheni upande wa Bukombe amefariki. Habari niliipata Jumatatu hapa Shinyanga kwa dereva wa lori la pamba, aliyeitaja kwa kupita tu huku akifunga turubai, kama mtu anayekueleza kwamba mvua imenyesha huko alikotoka. Nilipanda lori hilohilo lilipokuwa likirudi, nikakuta wameshazika. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnanijua: mimi si Mkristo, lakini napenda kutazama kanisa zuri kama mwingine anavyopenda kutazama ng'ombe wa jirani. Msiba huu umenigusa. Leo nitamzungumzia yeye, na bei ya pamba isubiri.

Nilimfahamu miaka michache baada ya vita, nilipokwenda makusudi kuliona jengo lile. Niliingia adhuhuri. Nje jua lilikuwa linachoma, ndani palikuwa na ubaridi wa mtungi. Matao ya matofali ya kuchoma yalipokezana mpaka mbele, na madirisha ya vioo vya rangi yalimwaga wekundu na kijani sakafuni, nami nikawa natembea polepole nikitazama viatu vyangu vikibadilika rangi. Juu ya altare palikuwa na kuba ya buluu iliyojaa nyota. Nilisimama pale sijui kwa muda gani, kama niliyepitiwa na usingizi macho yakiwa wazi. "Vua kofia, bwana," sauti ikasema nyuma yangu. Alikuwa mzee mfupi mwenye chokaa kwenye nyusi na ndoo mkononi. Nikavua haraka, nikamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku akicheka. Tukaketi kwenye benchi la mwisho.

"Buluu ile ni ya kufulia nguo," akaniambia, "ya dukani kwa Mhindi, nimeikoroga na chokaa. Nyota ni ulanga, vile vijiwe vyembamba kama maganda vinavyometameta kwenye mchanga wa mto. Unatwangwa, unachanganywa na gundi ya ngozi ya ng'ombe." Nikamwuliza kuhusu nyota moja ya pembeni, iliyofifia, ya kahawia kama doa la chai. "Ile ndiyo dhahabu," akasema.

Alinisimulia bila kunitazama. Alipopewa kazi ya kuba, yeye na mkewe walikuwa wametoka kumzika binti yao wa pekee. Akamwahidi mkewe kwamba mtoto atapata nyota yake juu ya altare, na haitakuwa ya ulanga kama nyingine, itakuwa ya dhahabu tupu. Akamwachia mke shamba na matanga ambayo hayajapoa, akaenda upande wa Geita. Msimu mzima wa kilimo alisafisha mchanga vijitoni karibu na Rwamgasa, akimfanyia kazi mtu mwenye kibali cha kuchimba, akarudi na unga kidogo ndani ya shina la unyoya wa kanga. "Huku kwetu kila rangi hukorogwa," alisema. "Udongo mwekundu, majivu, masizi, vyote tunakoroga. Nami dhahabu nikaikoroga na gundi, kumbe yenyewe hupondwa iwe utando mwembamba na kubandikwa. Ilipokauka ikawa vile unavyoiona. Jumapili mke wangu akaja, akaniuliza, iko wapi ya mtoto? Nikamwonyesha ile kubwa ya katikati, ya ulanga. Akaniambia asante. Bwana wangu, tangu siku ile siungami vizuri." Akanishika mkono. "Usimwambie." Nikaahidi, tena kwa haraka, maana ilinipendeza kuaminiwa na mtu kama yule.

Tangu hapo nilipita kanisani pale mara nyingi. Wageni wenzangu huuliza ni padre gani aliyelichora jengo, kisha huandika jina lake kwenye vijitabu vyao. Sijamsikia hata mmoja akiuliza ni nani aliyepanda ngazi na ndoo. Nami siwalaumu sana, maana siku hizi sote tunatembea tumeinamisha macho, tukitafuta kinachong'aa ardhini. Vijana wametupa majembe, wengine wako Maganzo wakichekecha kokoto za almasi, wengine wamezama mashimoni Geita, na kila mmoja ukimwuliza atakuambia anamtafutia mtu wa nyumbani. Nawaamini. Mzee wangu naye alikuwa akimtafutia mtu wa nyumbani.

Nilipofika juzi baada ya mazishi, nilimkuta mjane wake ameketi mkekani na wanawake wenzake. Nikampa pole. Baadaye tulipobaki wawili nikaanza, kwa kumfariji, kuisifu ile nyota kubwa ya katikati. Akaniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa.

"Ya mwanangu ni ile ya kahawia," akasema. "Niliijua Jumapili ileile. Ulanga wote alinitwangisha mimi, baba. Kinu ni hiki hapa. Mimi nisijue unavyong'aa?"

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Nilimngoja aseme yeye, tupate kumlia mtoto wetu pamoja. Yeye aliona haya, nami nikaona haya kumwumbua. Miaka yote hiyo tumekula chungu kimoja. Hatukumlia pamoja hata siku moja."

Ndani ya lori, njia nzima, nilijichukia. Neno langu moja lingetosha kuwaketisha wale wawili mahali pamoja, nami nililifungia kifuani nikajiita mtu wa siri. Ndiyo maana leo naivunja ahadi yangu mbele yenu wote, ingawa nimechelewa. Msomaji wangu, kama kuna kitu ulichomharibia mtu wako, mwonyeshe leo hii. Yamkini alikwisha kukiona zamani, na kwa muda wote huu anakungoja wewe.