Dumu la Maji na Breki ya Injini

Baba mkwe wangu ameendesha malori maisha yake yote, na stendi nzima ya malori inamwita Mzee Dumu. Jina hilo alilipata kwa sababu ya dumu dogo la maji ambalo haliachi nyuma hata anapokwenda msibani. Akimaliza mteremko wowote mrefu alikuwa anasimama, anashuka, ananyunyizia matone kwenye ringi za magurudumu. Maji yakilia chwii, breki bado za moto, na hapo chupa ya chai inafunguliwa mpaka zipoe. Madereva wenzake walimcheka sana. Wengi wao wameshawahi kutolewa mtaroni, yeye hata siku moja.

Macho ya mbali yalipoanza kumsumbua, alimkabidhi funguo binti yake, yaani mke wangu, ambaye barabarani wanamwita Rubani. Mimi ni fundi cherehani. Chombo kizito kuliko vyote nilichowahi kuendesha ni pasi ya mkaa, kwa hiyo yakianza mazungumzo ya malori nyumbani, kazi yangu ni kuitikia.

Ugomvi ulianza na swichi. Lori letu lina breki ya injini: dereva akiiwasha na kuondoa mguu kwenye mafuta, injini yenyewe inalizuia lori mteremkoni, huku ikinguruma kwa sauti ya kuhamisha kuku. Rubani anaitumia kila safari. Mzee aliipiga marufuku tangu siku lori lilipoingia nyumbani. Kwake yeye injini kazi yake ni kuvuta, basi, na ukiilazimisha kuzuia unaiua polepole. Sasa kuna muuza matunda mmoja pale mlimani, mdomo wake hauna kufuli, akamnong'oneza mzee kwamba lori lake siku hizi linashuka likinguruma. Asubuhi iliyofuata mzee alitufikia na dumu lake, hata kiti hakukubali. Akasema safari ya siku ile ya kupeleka saruji na yeye yumo, na akiona injini inaumizwa, funguo zinarudi kwake na lori anampa dereva mwingine.

Mke wangu akaenda kupima oili ya lori. Namjua vizuri: akikasirika huongea, akiumia hushika kazi. Lori lile amelitamani tangu msichana, alipokuwa akiliosha ili tu aruhusiwe kukaa nyuma ya usukani. Nikafunika cherehani yangu, nikasema na mimi naenda. Nilijipa cheo cha msuluhishi, lakini ukweli ni kwamba nisingeweza kushona hata kifungo nikiwasubiri.

Tulipofika juu ya mlima, mzee akataka tushuke kwa breki za mguu, kama watu wenye adabu zao. Rubani akatii. Akaweka gia ndogo, akawa anakanyaga na kuachia, anakanyaga na kuachia, na saruji inatusukuma kutoka nyuma bila huruma. Mimi nilikuwa katikati yao nimekumbatia magoti. Tulipofika nusu ya mlima, harufu ya breki zinazoungua ikatuingilia ndani. Pua ya mzee haijazeeka. Alionyesha kwa kidole mahali pa kuegesha.

Akanyunyiza gurudumu la kwanza, chwii. La pili, chwii. Tukakaa kwenye mawe kando ya barabara tukinywa chai, na hapo ndipo alipotueleza kwa nini anaichukia ile swichi. Ujanani alikuwa anashuka mlima nyuma ya rafiki yake, na lori la rafiki lilikuwa na breki kama hii. Injini ililia, ikapiga kishindo, vyuma vikatokea ubavuni. Rafiki alipona, lakini hakuna tajiri aliyemwamini tena na lori.

"Baba," mke wangu akauliza, "alikuwa gia gani?"

Mzee alikuna kidevu. Mwishowe akakubali kwamba rafiki yake alikuwa ameliachia lori mpaka likashika kasi, halafu ghafla akaitumbukiza gia ndogo.

"Basi ni ile gia, baba. Injini ilizungushwa kupita uwezo wake, ingepasuka hata bila swichi. Mimi naweka gia kabla sijaanza kushuka, oili naipima kila asubuhi, na mshale wa mizunguko ya injini siuachi uguse nyekundu. Ikitumiwa hivyo injini haiumii. Nusu ya juu nimeshuka kwa amri yako. Niachie ya chini, na mshale ukigusa nyekundu, funguo chukua."

Mzee akanigeukia mimi. Nadhani alitaka mtu wa kumsaidia kukataa. Nikaitazama chai yangu kwa makini.

Breki zilipopoa tukaondoka. Rubani akaweka gia, akawasha swichi, akaondoa mguu. Injini ikanguruma mpaka meno yangu yakagongana, lakini lori lenyewe likatulia, likashuka taratibu kama bibi harusi. Mzee hakutazama barabara kabisa. Macho yake ya karibu bado makali, na yote mawili aliyagandisha kwenye mshale. Dumu lilikuwa mapajani, na mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga breki isiyokuwepo. Kila kona alikanyaga. Kuelekea kona za mwisho niliona ule mguu umepumzika, nikajua kuna jambo linabadilika humu ndani.

Chini ya mlima aliteremka hata kabla lori halijasimama vizuri. Akanyunyiza gurudumu la kwanza. Kimya. Akanyunyiza tena, akatega sikio. Kimya. Akalizunguka lori zima, kisha akaweka kiganja kwenye ringi akakiacha pale, kama anayempima mtoto homa. Akarudi mbele, akasikiliza injini inavyozunguka, akaguna. Halafu akafungua dumu, akayanywa maji yote yaliyobaki. Sikuwa nimewahi kumwona akiyanywa maji yale.

Rubani akazima injini, akachomoa funguo, akamnyooshea.

"Mshale niliuona," mzee akasema. "Kaa nazo, mwanangu."

Nilifurahi hadi nikataka kumkumbatia, ila mkwe ni mkwe, nikajizuia. Yeye tayari alikuwa anavua viatu. Akaomba tumpishe apande kwenye kitanda cha nyuma ya viti. Mke wangu akanitazama, nami nikamtazama. Mzee huyu hajapata kulala ndani ya lori linaloendeshwa na mtu mwingine, na jambo hilo amejisifia miaka yote. Akajilaza, dumu tupu akaliweka karibu na kichwa.

Nikamkumbusha kwamba mbele kuna mteremko mwingine, mrefu kuliko huu.

"Najua," akasema, macho ameshayafumba. "Mkifika chini msiniamshe."

Rubani akajifuta machozi kwa kiganja, akawasha injini. Tulipofika chini, hatukumwamsha.